Hesabu ya mwezi naifunga kwa peni

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi na poleni na majukumu. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, gazeti nalisoma kwenye foleni ya bajaji hapa Moshi nikisubiri zamu, mara nyingi nasoma la jana maana la leo bado liko kwa wenye hela. Leo nimeona na mimi niandike kidogo, kuna kitu kinanikera na kingine kinanifurahisha na vyote viwili vinahusu hesabu.

Kwanza tuelewane, kwetu madereva neno hesabu sio la shuleni. Hesabu ni ile hela unayompelekea bosi mwenye chombo kila jioni, akipiga simu saa moja usiku hakuulizi habari za watoto, anauliza "hesabu vipi?" basi. Yangu mimi ni elfu kumi na tano kwa siku, Jumapili chombo kinalala. Kwa hiyo miaka tisa nimekuwa mtu wa hesabu kila siku iendayo kwa Mungu na huku hesabu zenyewe sizijui. Fomu foo nilipata F ya hisabati, wala sioni aibu kuisema, tulikuwa wengi, wale waliofaulu hilo somo darasani kwetu ungewapakia kwenye bajaji moja na nafasi ya mzigo ingebaki.

Kinachonikera ni hii kauli ya "siku hizi simu ina kalkuleta, za nini kujisumbua." Naisikia kijiweni, naisikia kwa abiria, juzi nimeisikia kwa mwalimu kabisa, namsitiri. Kalkuleta mimi siichukii, ipo hapa kwenye simu yangu na naitumia. (Lile jina lake la Kiswahili, kikokotoo, nalikwepa, maana ndilo jina la ile kanuni ya kukokotoa mafao ya wastaafu, ukilitaja mbele ya mstaafu anaweza akakushukia na fimbo.) Ila kalkuleta inajibu ulichoiuliza. Ukiiuliza upuuzi inakujibu upuuzi, tena na desimali zake.

Nikupe mfano ulionitoa ushamba. Mwaka jana mwanzoni kila mwezi tulikuwa tunaishiwa tarehe ishirini na nane au tisa, yaani kama saa. Mama watoto ananiangalia, mimi namwangalia, kila mmoja anajua moyoni ni mwenzie anakula hela. Tukakaa tukapiga bajeti kwa simu, tena kwa kujiamini kabisa. Jikoni tunatumia elfu thelathini na tano kwa wiki, mwezi una wiki nne, 35,000 mara 4, laki na arobaini. Kalkuleta ikakubali. Tukaitenga hiyo laki na arobaini, na tarehe ishirini na nane tukaishiwa vilevile.

Binti yetu yuko darasa la sita, ndiye aliyetutoa gizani, tena bila kukusudia. Alikuwa anafanya homuweki ya kalenda akauliza "baba, wiki nne ni siku ngapi?" Ishirini na nane. "Sasa mwezi una thelathini." Aisee. Nilinyamaza kama dakika nzima. Elfu thelathini na tano kwa wiki ni elfu tano kwa siku, siku thelathini ni laki na hamsini, mwezi wa siku thelathini na moja ni laki na hamsini na tano, kwa hiyo bajeti yetu ilikuwa inafaa mwezi mmoja tu kwa mwaka, Februari, na Februari yenyewe iwe fupi. Tukaendelea hapohapo kwa peni. Mwaka mzima wa kula ni 365 mara 5,000, inakuja 1,825,000. Sisi tulikuwa tunatenga 140,000 mara 12, ambayo ni 1,680,000. Toa, inabaki 145,000. Gawanya kwa elfu tano za siku unapata siku 29. Yaani kwenye mwaka wetu kulikuwa na mwezi wa kumi na tatu umejificha, hauna bajeti, na sisi tunagombana kwa ajili yake. Mpaka leo nikimsikia mtu anasema mwezi ni wiki nne nacheka peke yangu.

Toka hapo tukanunua kaunta buku, ile ya kwaya mbili, tukakubaliana kwamba mwezi tunaufunga kwa peni. Simu inakaa chumbani. Kushoto kilichoingia, kulia kilichotoka, chini kinachotakiwa kubaki, alafu tunafungua kopo tunahesabu kilichobaki kweli. Kuna kopo la maziwa ya unga ya mtoto aliyekwishakua siku nyingi, ndiyo benki yetu ya jikoni, mama watoto kalitoboa mfuniko.

Hili kopo ndiyo sababu hasa ya kuandika barua hii. Shuleni jibu lilikuwa kwa mwalimu, au limechapwa nyuma ya kitabu, ukikosea unapigwa mkasi mwekundu na kipindi changu mimi ulikuwa unapigwa na kingine zaidi ya mkasi, lakini wewe mwenyewe huoni kwa nini. Hapa jibu liko kwenye kopo. Hela iliyomo haibishani na wewe na wala haikuonei, iko elfu arobaini na tano mia sita basi ndivyo ilivyo, kama daftari linasema tofauti basi daftari ndilo limelala na itabidi ukae hapo mpaka ujue limelalia wapi.

Na ndivyo ilivyotutokea mwezi wa pili wa kufunga daftari. Daftari linasema koponi iwepo 48,300. Tunahesabu, 45,600. Tukahesabu tena, mama watoto akahesabu yeye, 45,600. Shoti ya buku mbili na mia saba. Wanaokaa kaunta na mawakala wa simu wanalijua hili neno shoti linavyopandisha presha. Mama watoto ni keshia kwenye duka moja mjini, kule shoti unakatwa mshahara, kwa hiyo yeye akaanza kujumlisha upya mstari kwa mstari kuanzia tarehe moja, mimi nikaanza kumkagua mtoto kwa macho kama amenunua kitu. Saa nne usiku tukalala na shoti yetu.

Kesho yake nikambeba mzee mmoja toka Mbuyuni kwenda Rau, ni abiria wangu wa mara kwa mara, zamani alikuwa karani wa chama cha msingi cha kahawa huko mlimani, kazi yake ilikuwa kupima kahawa ya wakulima na kuandika, kilo za kila mtu, malipo ya kwanza ya kila mtu, alafu jioni vitabu vifungwe, na wakati huo mashine ya kujumlisha ipo moja na iko ofisi ya juu. Nikamsimulia kama stori tu. Mzee hata hakufikiri. "Shoti yako ni kiasi gani?" Buku mbili mia saba, mzee. "Mbili na saba?" Tisa. "Inagawanyika kwa tisa. Nenda kaangalie, kuna namba umeigeuza."

Nikasema huyu mzee sasa ni mganga. Nikafika nyumbani mchana, nikafungua daftari, nikapita nikitafuta namba ambayo ikigeuzwa inaleta hiyo tofauti. Tarehe kumi na tisa, dagaa, nyanya na mafuta, nimeandika 2,500. Nikamuuliza mama watoto kwa meseji tarehe kumi na tisa ulitumia ngapi sokoni, akajibu "5,200 si nilikwambia." Toa 2,500 kwenye 5,200. Imebaki 2,700 kavu.

Nilivyokutana naye tena nikamwambia mzee shikamoo, sasa nieleze. Akasema marahaba, sio uganga. Chukua 52 uigeuze iwe 25. Ile tano ilikuwa imekaa kwenye makumi, inahesabika hamsini, ukaishusha kwenye mamoja ikawa tano, imepoteza arobaini na tano, ambayo ni tisa mara tano. Ile mbili nayo imepanda toka mbili ikawa ishirini, imeongeza kumi na nane, tisa mara mbili. Kila tarakimu ikihama nafasi moja inabeba tisa zake, inazipoteza au inaziongeza, kwa hiyo tofauti haikwepi tisa hata ufanyeje. Jaribu 73 na 37 upate 36, jaribu 81 na 18 upate 63. Na kujua kama namba inagawanyika kwa tisa huna haja ya kuigawanya, jumlisha tarakimu zake tu, zikileta tisa, kumi na nane, ishirini na saba na kuendelea hivyo kwa tisa tisa basi inagawanyika. Akaniongezea na nyingine: kama shoti haiendi kwa tisa, igawanye nusu, alafu tafuta hiyo nusu kwenye daftari, pengine kuna hela iliyoingia umeiandika upande wa iliyotoka. Ukiandika elfu kumi upande usio wake vitabu vinapishana elfu ishirini, maana umeikosa ilipotakiwa na umeiweka isipotakiwa. Hii nimeshaitumia mara mbili.

Mhariri, mimi nimesoma darasa la kwanza mpaka fomu foo, miaka kumi na moja, nimekaririshwa tebo mpaka ya kumi na mbili, na hakuna siku nilijua kwa nini ile nafasi ya namba inaitwa mamoja, makumi, mamia. Nilijua tu zinaandikwa juu ya mistari. Nimekuja kuelewa nikiwa na miaka thelathini na sita, kwa shoti ya dagaa.

Binti naye kapata faida ila kwa njia nyingine. Yeye shida yake ilikuwa kutoa kwenye masifuri, ile 10,000 toa 3,650, anakopa kwa jirani, jirani ana sifuri, anakopa kwa jirani wa jirani, akifika mwisho hajui nani anamdai nani. Nikampeleka Mbuyuni Jumamosi akae na mama wa nyanya aone anavyorudisha chenji. Yule mama hakopi kwa mtu. Anaanzia 3,650, anaweka hamsini, "mia saba hiyo", anaweka mia tatu, "elfu nne", anaweka elfu moja na elfu tano, "elfu kumi hiyo dada asante." Chenji 6,350, kazi imeisha, nyanya nyingine zinapimwa. Yule mama anapanda toka kwenye bei mpaka kwenye hela aliyopewa. Binti sasa kwenye daftari anatoa kwa kupanda, alafu akitaka kuhakiki ndo anapanga wima kama shuleni. Shuleni bado wanamtaka apange wima tu, sawa, hatugombani na shule, apange, lakini jibu anakuwa ameshalijua.

Sasa nije kwenye asilimia maana hapo ndo watu wazima wengi tunapopotelea, na simu haisaidii hata kidogo. Umeme. Kuna siku nilinunua LUKU, umeme wa kulipia kabla, ya buku kumi, kile kikodi cha majengo kikiwa kimeshakatwa mwezi huo, nikapata unit 28 na ushee. Kwenye meseji waliniandikia VAT asilimia 18, REA (wale wa umeme vijijini) asilimia 3, EWURA (wadhibiti wa nishati na maji) asilimia 1. Jumla 22. Jirani yangu hapa Pasua akachukua simu, elfu kumi mara asilimia ishirini na mbili, elfu mbili na mia mbili, akaja mlangoni ananiambia wewe jumlisha makato kwenye meseji yako. Nikajumlisha, 1,475.41 na 245.90 na 81.97, inakuja 1,803.28. Akauliza, sasa hiyo karibu mia nne imeenda wapi, wamekosea kutukata? Alitaka kabisa twende kuuliza. Nikamwambia ngoja kwanza.

Hii 22 ni asilimia ya nini? Sio ya elfu kumi yako. Ni ya bei ya umeme wenyewe. Umeme wa shilingi mia, na kodi zake ishirini na mbili, unalipa 122. Kwa hiyo unatakiwa uulize kwenye elfu kumi yangu kuna 122 ngapi, alafu kila moja uihesabie mia ya umeme. Gawanya 10,000 kwa 122 unapata kama 81.97, zidisha kwa mia, 8,196.72. Gawanya na shilingi 292, bei ya unit moja, unapata 28.07. Ndiyo hiyohiyo iliyoko kwenye meseji. Jirani kaangalia, akaangalia tena, akasema "kwa hiyo hawajakosea." Hawajakosea. Alienda kwake kama mtu aliyenyang'anywa kesi. Na mwezi ukianza ikikatwa 1,500 ya majengo kwanza, inabaki 8,500, unapata unit 23 na kitu, kwa hiyo unit nne zaidi zimeyeyuka kabla hujawasha taa, na hiyo kodi ni ya mwenye nyumba lakini inakatwa kwenye mita ninayoilisha mimi mpangaji. Hilo nalo tulilipigia hesabu, 1,500 mara 12, elfu kumi na nane kwa mwaka, mwenye nyumba wetu tukamwonyesha daftari akakubali kuipunguza kwenye kodi ya miezi sita. Nasema ukweli, angeonyeshwa simu asingekubali, daftari lilimtisha.

Kwenye mshahara wa mama watoto ni hivyohivyo. Analipwa laki nne. NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia kumi, elfu arobaini, inabaki 360,000. Alafu PAYE, kodi ya mshahara, asilimia nane. Wenzake kazini kila mmoja anapiga nane ya 360,000 anapata 28,800 na kulalamika, wakati kwenye slipu imeandikwa 7,200. Kumbe lile jedwali lililoanza Julai 2021 linakuachia 270,000 ya kwanza bila kuigusa, nane inapigwa kwenye kinachozidi, yaani 90,000 tu. Nane ya tisini elfu ni 7,200. Anakuja nyumbani na 352,800. Swali ni lilelile la umeme, asilimia ya nini. Mimi sasa abiria akinitajia asilimia yoyote, ya riba, ya punguzo la dukani, ya sijui nini, namuuliza ya nini bosi, wengine wanaona najifanya msomi.

Na hapo kwenye riba niseme kidogo tu maana nimeona machozi. Hii mikopo ya mtaani tunayoiita kausha damu. Mama mmoja wa mtaani alichukua laki mbili, arudishe elfu nane kwa siku kwa siku thelathini, 240,000, wakamwambia riba ni asilimia ishirini tu. Fomu wakamkata elfu kumi palepale, kwa hiyo mkononi kapata 190,000 na anarudisha 240,000, elfu hamsini juu. Lakini yeye hakukaa na hiyo hela mwezi mzima, kila siku anaipunguza, katikati ya mwezi ameshatoa 120,000. Ukipiga wastani, mwezi ule alikuwa anatembea na kama laki moja tu ya watu, na ameilipia elfu hamsini. Nusu. Kwa mwezi. Nilimchorea kwenye daftari siku thelathini, mistari thelathini, deni linavyoshuka. Hakulia wakati anakopa, alilia siku ile.

Kuna watu watasema bajeti ni ya wenye mshahara, sisi wa kuamka hujui utapata nini tunapangaje. Nilikuwa nasema hivyohivyo. Siku nyingine naingiza elfu hamsini, siku nyingine ishirini na tano na kati yake elfu kumi na tano ni ya bosi na petroli kumi hadi kumi na mbili, yaani nimezunguka bure. Petroli yenyewe bei mpya EWURA wanaitoa Jumatano ya kwanza ya mwezi, siku hiyo nakaa na peni nasahihisha. Lakini andika siku ishirini na sita za kazi, mwezi mmoja, miwili, mitatu, utaona siku zako zinafanana kuliko ulivyodhani. Mimi wastani wangu ukitoa bosi na petroli ulikuja elfu kumi na nne. Ila wastani nao ni muongo kidogo, kuna siku mbili nilibeba wagumu, wale wapagazi wa Mlima Kilimanjaro, waliotoka mlimani na tipu zao wakanimwagia, zile siku mbili zilinyanyua mwezi mzima. Nikazitoa nikahesabu upya, ikawa kumi na mbili na mia tano. Bajeti napangia hiyo. Wagumu wakija tena ni bahati, inaenda kwenye kodi ya nyumba.

Ni Desemba ndiyo inayonishinda mpaka leo, nakiri. Ndugu zetu wanaoishi mbali wanarudi nyumbani kuhesabiwa, kama utani wa Wachaga unavyosema, na sisi tulioko huku ndiyo tunaowahesabia, mbuzi, ndizi za machalari, kipaimara cha mtoto wa huyu na ubarikio wa mtoto wa yule, kadi za michango zimepangwa juu ya kabati kama karata. Nilijaribu kugawa, michango ya mwaka jana nimeijumlisha ikaja 384,000, gawanya kwa kumi na mbili, elfu thelathini na mbili kila mwezi iwekwe pembeni. Kwenye daftari imekaa vizuri sana. Kwenye kopo haijawahi kufika mwezi wa nne.

Ombi langu, Mhariri. Gazeti lenu Jumamosi lina mafumbo ya maneno na lina ile miraba ya tarakimu ya kujaza, sijui ina faida gani mwisho wa siku zaidi ya kujaza. Wekeni na kakona kadogo ka bajeti ya nyumba, kweli kabisa, ya mtu wa Pasua au Njoro au hata Sombetini huko Arusha, kilichoingia na kilichotoka, alafu shoti iwepo humo imefichwa, watu waitafute. Wiki hii namba imegeuzwa, wiki ijayo hela imewekwa upande usio wake, nyingine mwezi umehesabiwa wiki nne. Jibu litoke Jumamosi inayofuata. Sisi wa kijiweni tutawekeana soda. Na walimu wanaweza wakaipeleka darasani maana yale mafumbo yetu ya zamani, Juma ana machungwa arobaini akampa Asha robo, mimi nilikuwa nabaki najiuliza Juma machungwa yote hayo anayapeleka wapi. Mkikosa wa kuyatunga nipo, nina kaunta buku la mwaka mzima na makosa yote yamo, sijayafuta.

Mwezi huu wenyewe ninapoandika tumefunga jana na tuna shoti ya mia nne. Nne haiendi kwa tisa. Nusu yake mia mbili, nimepita daftari lote sijaona mia mbili popote. Mama watoto kajumlisha kutoka juu kwenda chini na mimi kutoka chini kwenda juu tumekutana palepale. Binti anasema hajui chochote, ila ulimi wake jana jioni ulikuwa mwekundu wa ubuyu.

Ni mimi,
Dereva bajaji, Pasua, Moshi